Msichana wa Bukoba na Hesabu za Bomba: Stori Tuliyonyimwa Darasani

Wasee, leo sina stori ya mziki na sina stori ya siasa. Leo ni hesabu. Usitoroke kwanza. Mimi mwenyewe nilipata D ya hesabu kwenye KCSE, kwa hivyo ukiniona nimekaa chini Kaptembwa na kikombe cha chai naandika kuhusu hesabu, jua kuna kitu kimenisukuma.

Kilichonisukuma ni dadangu mdogo. Yuko Gredi ya 9, na kama wenzake wote anatakiwa kuchagua njia ya kufuata akiingia sekondari pevu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Juzi jioni nikamuuliza amechagua gani. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Sayansi za jamii. Hesabu si ya watu kama sisi."

Nikanyamaza. Si eti kwa sababu kuna ubaya na sayansi za jamii, mimi mwenyewe ndizo nazila. Nilinyamaza kwa sababu hilo neno nalijua. Nililisikia nikiwa kidato cha pili, kutoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anarudisha karatasi za mtihani. Hakuwa na hasira. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekupa pole ya msiba: "Wasichana, msijali sana, hesabu si yenu." Darasa likacheka. Nami nikacheka. Kisha nikaacha kujaribu, na D yangu ikaja kunitafuta miaka miwili baadaye kama deni la mama mboga.

Sasa miaka imepita, mtaala umebadilika, sare zimebadilika, lakini ile sentensi bado inatembea mtaani na miguu yake yote miwili. Nikasema hapana. Hebu nitafute kama kweli hakuna mtu kama sisi.

Nikamtafuta, nikampata. Na hayuko mbali.

Bukoba, 1954

Anaitwa Verdiana Grace Masanja. Kabla ya kuolewa alikuwa Verdiana Kashaga. Alizaliwa Oktoba 1954 huko Bukoba, ng'ambo ile ya Ziwa Victoria, wakati Tanzania bado inaitwa Tanganyika na bendera ya juu ni ya Mwingereza. Uhuru ulipofika Desemba 1961 alikuwa mtoto wa miaka 7.

Fungua ramani uone Bukoba iko wapi. Iko kona ya kaskazini magharibi kabisa, karibu na Uganda. Kisha tafuta Dar es Salaam. Ni upande wa pili wa nchi, zaidi ya kilomita 1,000. Huko ndiko alikosomea sekondari, katika shule ya wasichana ya Jangwani. Sisi hapa mtu akipelekwa bweni kutoka Nakuru hadi Kericho tunalia kwenye stendi kama tumefiwa.

Kutoka Jangwani akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka wa 1976 akahitimu shahada ya kwanza katika hisabati na fizikia. Mwaka wa 1981 akapata shahada ya pili, ya hisabati. Baadaye akaenda Ujerumani, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akaongeza shahada nyingine ya pili, ya fizikia, kisha akamaliza udaktari. Ndiye anayejulikana kama mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata udaktari wa hisabati.

Hapo ndipo watu huishia. "Wa kwanza", makofi, picha, tumalize. Mimi nilitaka kujua alikuwa anafanya nini hasa. Maana "daktari wa hisabati" ni kama kusema "fundi". Fundi wa nini? Viatu? Stima? Pikipiki?

Fundi wa uji

Jibu ni hili: alikuwa anapiga hesabu za vitu vinavyotiririka ndani ya bomba.

Utafiti wake wa shahada ya pili ulihusu mtiririko wa kiowevu cha aina fulani ndani ya bomba la mviringo. Ule wa udaktari ulikuwa wa kukokotoa kwa namba tabia ya kiowevu kinachoitwa cha Reiner na Rivlin, tena ndani ya bomba la mviringo. Majina hayo mawili ni ya wanasayansi, Markus Reiner na Ronald Rivlin, walioandika milinganyo yake katika miaka ya 1940.

Najua. Hapo umeanza kusinzia. Amka, tuende jikoni.

Maji ni kiowevu kitiifu. Ukiyasukuma kidogo yanaenda kidogo, ukiyasukuma sana yanaenda sana. Uzito wake wa kutiririka haubadiliki kwa sababu umeyakoroga. Kwa viowevu kama maji, watu walipata fomula safi karne ya 19. Fomula hiyo inakwambia kitu cha ajabu: kama mtiririko ni wa utulivu na presha ni ileile, ukizidisha upana wa bomba mara mbili, maji yanayopita yanakuwa mara 16, si mara mbili. Kwa hivyo yule jirani aliyewekewa paipu nyembamba na landilodi kuokoa pesa anadhulumiwa zaidi ya vile anavyofikiri.

Lakini si kila kitu kinachomwagika ni kama maji. Fikiria kechapu kwenye kibanda cha chipo. Unageuza chupa, haitoki. Unaipiga, haitoki. Unaitikisa kwa nguvu, inakuja yote na kuharibu shati. Mle ndani kuna fizikia: kechapu ikisukumwa vya kutosha inakuwa nyepesi. Uji mzito nao una mambo yake. Mursik, rangi ya ukuta, damu, matope, saruji mbichi, zote zina tabia zao. Kuna viowevu ukivikoroga vinapanda kwenye mwiko. Chai haifanyi hivyo, chai inazama katikati. Viowevu hivi ni kama shemeji mjeuri: namna anavyokujibu inategemea umemwambia vipi.

Sasa jaribu kuandika mlinganyo wa kitu cha namna hiyo. Unaandika, ndiyo, lakini ukitaka kuufungua kwa kalamu upate jibu moja safi, mara nyingi unakataa. Haufunguki. Mwalimu mwenyewe hawezi. Newton angefufuka angekuna kichwa.

Hapa ndipo hesabu za Masanja zinaingia, na hapa ndipo nilikaa wima kwenye kiti.

Kuanza na jibu lisilo sahihi

Mlinganyo ukikataa kufunguka, kuna njia nyingine. Unalikata lile bomba, kwenye karatasi ama kwenye kompyuta, liwe vipande vidogo vingi. Unakisia mwendo wa kiowevu katika kila kipande. Kisio lako si sahihi, na unajua si sahihi. Kisha unatumia sheria za fizikia kuuliza: kama kipande hiki kinaenda hivi, jirani yake anaweza kwenda vile nilivyosema? Hawezi. Unarekebisha. Unauliza tena. Unarekebisha. Mara mia, mara elfu, mpaka marekebisho yanakuwa madogo sana hata hayana maana tena. Hapo unasema: jibu langu liko karibu na ukweli, na kosa langu halizidi kiasi hiki.

Hebu tufanye moja sasa hivi, utoe simu. Tafuta kipeuo cha pili cha 2, bila kubonyeza alama ya kipeuo. Kisia 1.5. Gawa 2 kwa 1.5, unapata 1.3333. Chukua 1.5 na 1.3333, tafuta wastani: 1.4167. Rudia. 2 gawa kwa 1.4167 ni 1.4117. Wastani wa hizo mbili ni 1.4142. Hatua mbili tu na tayari tarakimu nne baada ya nukta ziko sawa. Njia hii ni ya kale sana, watu wa Babeli walikuwa na vipeuo vya namna hii kwenye vibao vya udongo maelfu ya miaka iliyopita.

Mimi shuleni nilifundishwa kwamba hesabu ni tiki ama mkasi. Umepata ama umekosa. Ukikosa, kaa chini. Hakuna siku niliambiwa kwamba kuna tawi zima la hisabati, lile linaloendesha ndege, utabiri wa hali ya hewa na madaraja, ambalo kazi yake inaanza kwa kukosa. Unakosa kwa makusudi, halafu unajua namna ya kukosa kidogo zaidi. Ningelijua hilo kidato cha pili, pengine ningebaki kwenye kiti.

Na hata wakubwa walikosa. Mwingereza mmoja, Lewis Fry Richardson, alichapisha kitabu mwaka wa 1922 akionyesha jinsi ya kutabiri hali ya hewa kwa kukata anga vipande vipande na kuhesabu. Jaribio lake la kwanza, utabiri wa saa 6 tu, lilimchukua wiki nyingi za kuhesabu kwa mkono, na jibu likatoka bovu kabisa: presha ya hewa ilipanda kwenye karatasi kuliko inavyowezekana. Akalichapisha hivyohivyo, na kosa lake ndani. Leo utabiri wa mvua unaouona kwenye simu asubuhi ukiamua kubeba mwavuli ama kuacha umejengwa juu ya wazo lake.

Nchi iliyofunga mlango kwa kompyuta

Sasa ongeza hii. Hesabu za namna hiyo, za kurudia mara elfu, zinahitaji mashine. Tanzania ilikuwa na mashine? Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza katikati ya miaka ya 1960, kwenye Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda vizuri, hasara ikaingia, na mwaka wa 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalum. Televisheni pia zikaingia kwenye marufuku hiyo.

Hebu piga hesabu. Mwaka wa 1974 Verdiana ana miaka 20, amebakiza miaka miwili kuhitimu. Anaingia kwenye tawi la hisabati linaloishi kwa kompyuta, katika nchi ambayo imeamua kompyuta ni anasa.

Sitaki kumtukana Mwalimu Nyerere hapa. Nchi ilikuwa changa, pesa ya kigeni ilikuwa haba, na mashine zenyewe zilikuwa za bei ya kuumiza. Uamuzi ulikuwa na sababu zake. Lakini mwenye kulipa bei ya uamuzi huo alikuwa kijana mwenye swali ambalo kalamu haiwezi kulijibu. Mwishowe hesabu zake kubwa alizimalizia Berlin. Najiuliza ni wangapi walikuwa na swali kama hilo na hawakupata Berlin yao.

Mwaka uleule, huku kwetu

Unaweza kuniuliza: na hii inahusu nini na Nakuru?

Rudi kwa mwaka wa 1981. Mwaka ambao Masanja anapata shahada yake ya pili kwa kazi ya mtiririko ndani ya bomba, huku kwetu, nyuma ya Naivasha, mtambo wa kwanza wa Olkaria unawashwa. Megawati 15, stima inayotokana na mvuke wa chini ya ardhi. Uchimbaji wa kwanza pale ulifanywa miaka ya 1950 na haukufua dafu, ukarudiwa miaka ya 1970, na kufikia 1985 mitambo mitatu ilikuwa inatoa megawati 45.

Ukipanda matatu kutoka Naivasha kuelekea Hell's Gate utaona yale mabomba ya fedha yakipinda juu ya vilima kama nyoka aliyemeza ngazi, na mvuke ukipaa. Watu hupiga picha hapo. Wachache hujiuliza: nani alijua mvuke utatosha? Ukichimba kisima leo, kitadumu miaka 5 ama 50? Ukichimba vingine karibu, vitaibiana presha?

Hakuna mtu aliyeshuka huko chini kuangalia. Ni hesabu. Katika miaka ya 1980 watafiti, wakiwemo Gudmundur Bodvarsson na Karsten Pruess wa maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani, walitengeneza picha ya Olkaria ndani ya kompyuta. Walikata mwamba vipande vipande, wakaweka maji na mvuke ndani ya kila kipande, wakaiacha kompyuta ihesabu mtiririko. Kisha wakalinganisha: visima halisi vilipungukiwa presha kiasi gani miaka iliyopita, na visima vya kwenye kompyuta vinasema nini? Haviendani? Rekebisha mwamba, hesabu tena. Ni ileile ya kipeuo cha 2, tofauti ni ukubwa.

Sikudanganyi hapa: Masanja hakufanya hesabu za Olkaria. Viowevu vyake vilikuwa vingine na bomba lake lilikuwa lingine. Ninachosema ni kwamba ufundi ni wa ukoo mmoja. Wakati ufundi huo unahitajika Bonde la Ufa, kulikuwa na msichana wa Afrika Mashariki anayeujua, na hatukuambiwa. Sasa hivi mvuke unachimbwa hata Menengai, hapo juu yetu, tangu 2011. Ukisimama kileleni unauona. Dadangu ameuona mara nyingi kuliko alivyoona bahari. Na bado anaambiwa hesabu si ya watu kama yeye, wakati stima inayochaji simu yake huenda inatoka kwenye hesabu hizo.

Maji hayasubiri

Kuna upande mwingine, na huu si wa kuchekesha.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai, kaunti yetu hii hii. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nyingi. Maji yakateremka usiku watu wakiwa nyumbani, na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wao watoto na akina mama. Ukiongea na mtu wa Solai hadi leo sauti inabadilika. Mambo ya lawama nawaachia mahakama na wenye kuhusika. Mimi nasema kitu kimoja: ukuta ukipasuka, maji yatafika wapi, yakiwa na kimo gani, baada ya dakika ngapi, hayo ni maswali ya hesabu. Ni hesabu za kukata bonde vipande vipande na kurekebisha kisio. Zinaweza kufanywa kabla ya usiku wenyewe. Zinahitaji mtu wa kuzifanya, na mtu wa kumsikiliza.

Ama angalia Ziwa Nakuru. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 limekuwa likipanda, likameza miti, barabara na lango kuu la mbuga, likafukuza watu kwenye nyumba zao pembeni. Baringo hivyohivyo, Naivasha hivyohivyo. Kila mtu ana maoni. Wengine wanasema ni mvua, wengine ni misitu iliyokatwa, wengine ni ardhi yenyewe chini yetu. Mimi sina jibu. Ila najua jibu halitatoka kwenye kelele. Litatoka kwa mtu aliyekaa na vipimo vya mvua, mito na udongo, akakisia, akakosa, akarekebisha. Na ningependa mtu huyo awe anajua Kaptembwa ni wapi.

Alichoacha

Turudi kwa Profesa. Angeweza kubaki Berlin na bomba lake. Alirudi, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi. Baadaye akaenda Rwanda, akawa profesa na mkurugenzi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Taifa. Kumbuka chuo hicho kiliumizwa vibaya na mauaji ya kimbari ya 1994, walimu na wanafunzi wengi waliuawa. Kufundisha hisabati mahali kama pale si kuandika tu ubaoni, ni kuwaambia watu kuna kesho.

Katika Muungano wa Wanahisabati wa Afrika alikuwa makamu wa rais wa ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki. Na aliandika sana, si kuhusu viowevu pekee, bali kuhusu wasichana na hesabu barani Afrika: kwa nini wanapungua kadiri madarasa yanavyopanda, na kifanyike nini. Pia alikuwa mratibu wa Tanzania katika mradi wa FEMSA ulioanza miaka ya 1990 kushughulikia jambo hilo hilo katika nchi kadhaa za Afrika.

Fikiria hilo. Mtu anaijua milinganyo migumu hivyo, halafu anatumia sehemu ya maisha yake kushughulika na ile sentensi ya mwalimu wangu. Kwa sababu aliona tatizo halikuwa kwenye ubongo wa wasichana. Lilikuwa kwenye bomba. Wanaingia wengi, wanatoka wachache, na mahali fulani katikati kuna kitu kinabana. Na kama bomba lolote, ukilibana kidogo, mtiririko haupungui kidogo. Unapungua sana.

Hapo kuna hoja ambayo najua baadhi yenu mnayo. Mnasema: sawa, wa kwanza, hongera, lakini mbona tunapenda hizi stori za wa kwanza? Mtu mmoja kufika haimaanishi njia iko wazi. Nakubali. Enyewe, neno "wa kwanza" lina uchungu ndani. Nchi ilipata uhuru 1961 na ikangoja miaka mingi kupata wa kwanza, maana yake kuna wengi waliokuwa na uwezo na hawakufika. Kwa hivyo sitaki dadangu awe na picha ya Masanja ukutani kama mtakatifu. Nataka awe na habari zake, kama ya jirani. Kwamba alikuwepo, alifanya kitu fulani, kitu hicho kinaeleweka, na kinaanza na kukosa.

Na si yeye peke yake. Hapa Kenya kuna Profesa Wandera Ogana wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa anakokotoa jinsi hewa inavyopita kwenye bawa la ndege likikaribia kasi ya sauti. Mkenya. Kasi ya sauti. Umewahi kumsikia? Mimi sikuwahi. Lakini Katherine Johnson wa Marekani, yule ambaye mwanaanga John Glenn alitaka ahakikishe namba za kompyuta kabla ya safari yake ya 1962, huyo tunamjua, kwa sababu alitengenezewa filamu na tukailipia kuingia. Nampenda mama yule, tena sana. Lakini kuna ubaya gani tukijua na wa Bukoba?

Hatua tisa

Jana usiku nilimwita dadangu mezani. Mathe alikuwa anakoroga ugali, mvua inapiga mabati. Nikamwambia: "Tafuta kipeuo cha 2. Nakupa njia, lakini kisio la kwanza ni lako. Weka namba yoyote, hata ya kijinga."

Akanitazama kwa ile jicho la "huyu naye." Akaandika 100.

Kusudi kabisa. Alitaka njia ianguke, tumalize, arudi kwenye simu.

Tukaanza. 100 ikawa 50.01. Ikawa 25.02. Akasema, "Ona, haifiki." Nikamwambia endelea. 12.55. 6.36. 3.34. Akanyamaza. 1.97. 1.49. Akavuta kiti karibu. 1.4162. Halafu hatua ya tisa: 1.4142.

Akabonyeza alama ya kipeuo kwenye simu kuhakikisha. Akaangalia karatasi, akaangalia simu, akaangalia karatasi tena.

"Kwani nilianza na 100," akasema.

"Ulianza na 100."

Sijui atachagua njia gani. Hilo ni lake, na si kazi yangu kumburuta. Akichagua sayansi za jamii kwa sababu anazipenda, nitampigia makofi hadi Kisumu wasikie. Ninachokataa ni achague kwa sababu ya sentensi ya mtu mwingine.

Asubuhi nilipoamka karatasi haikuwa mezani. Nikadhani mathe amewashia jiko. Nikaiona baadaye, kwenye mfuko wa begi lake la shule, na chini ya hatua zetu tisa kulikuwa na hesabu mpya kwa mwandiko wake. Alikuwa anatafuta kipeuo cha 3. Kisio la kwanza: 1,000,000.

Alikuwa bado hajafika. Lakini alikuwa anakaribia.